Jaketi la Ilunga, Ngozi ya Ng'ombe

Mdogo wangu Ilunga,

Mmeamkaje huko Kolwezi? Na mama, magoti yake bado yanamsumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya Johannesburg imenikausha midomo na sindano za kiwandani zimenichoma vidole vyote.

Jaketi lako la pikipiki ndilo hili. Uliniomba ngozi ya kondoo, ile laini inayong'aa, kama ya wewa wenzako, waendesha pikipiki wanaojua kujipamba. Nilicheka, maana wewe tangu utoto kioo ndicho rafiki yako. Lakini ngozi hizo nazishona kila siku. Nilichukua vipande vya mabaki nikavisugua kwenye ngazi ya saruji hapa nje. Ya kondoo ilitoboka upesi, nikagusa saruji kwa kidole. Ya mbuzi ilikwaruzika ikavumilia, tena ni nyepesi, ningeipenda kwa joto la kwetu. Ya ng'ombe ilipoteza rangi tu. Basi nimekushonea ya ng'ombe, na mgongoni nimeweka mbili. Itakulemea, utanung'unika. Nung'unika tu.

Nilikuwa nimeshamaliza mama aliponipigia simu kwamba rafiki yako Kalala ameanguka njia ya Tenke akikwepa lori la madini, na mgongo wote umechunika. Nikamwuliza, kwani hakuvaa jaketi? Akasema alivaa. Sikuelewa. Ndipo nikaitazama tena ile picha uliyonitumia ukiwa juu ya pikipiki: jaketi lako la zamani umeligeuza, mgongo wake uko kifuani kwako na zipu iko wazi nyuma. Nilipokupigia mimi dada yako, ulinijibu huku unacheka:

"Yaya, shiye bote tunavaaka vile. Mupepo inaingiaka mu kifua, mi nifanye namna gani?"

Ngozi mbili nilizokuwekea zitakinga upepo, na uti wa mgongo wako utabaki na shati. Nimekaa na jaketi magotini nikitafuta pa kuongeza ngozi, sipaoni. Mahali palipo wazi hapashoneki. Naogopa, Ilunga, na mfanyabiashara anayekuletea mzigo huu anaondoka kesho.

Nimeongeza ukanda wa ngozi chini ya zipu ili upepo usipenye. Livae lilivyoshonwa, nakuomba. Najua hutanisikia. Basi ukiligeuza, kabla ya kuwasha pikipiki mgeuzie mama mgongo, akuvutie zipu hadi juu.

Nisalimie shangazi yetu wa sokoni, na mke wa Kalala umwambie namwombea mumewe. Mama mwambie asichoke kukufunga kila asubuhi. Mimi mkono wangu haufiki.

Yaya yako,
Ngalula