Mkokoteni Aliousoma Kidoti

Shoga, upo? Mwalimu wa Kiingereza kaniambia jambo leo mchana, nilipokwenda kumchukua Kidoti, mjukuu wangu, shuleni.

Watoto waliambiwa waandike kwa Kiingereza vyombo vya usafiri vilivyowahi kubeba watu wa nyumbani kwao, kila kimoja na sifa zake. Wenzake wakasoma: a red bicycle, a big old lorry. Kidoti akasimama, akasoma: a slow wooden handcart.

Yaani mkokoteni, shoga. Mkokoteni wa mbao, wa polepole.

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Kwenu mnasafiri na viazi?"

Akajibu kwa Kiswahili, "Ndio uliompeleka mama yangu hospitali."



Unakumbuka nilivyomdanganya? Kwamba mama yake alichukuliwa na gari jeupe lenye king'ora, akafia kitandani bila maumivu? Nawe ulikuwapo, umeshika kichwa cha mwanangu, mie nasukuma mkokoteni, mpaka akatukatikia roho njiani. Nilijua mtoto amelala!

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Mbona hukuniambia kama uliona?"

Akasema, "Bibi, wewe ulilipenda lile gari."

Ulilipenda lile gari! Mtoto wa miaka tisa, shoga, ananitunzia uongo wangu nisiumie.

Nimempa uji, hakumaliza. Akajilaza mapajani pangu, akaniomba nimsimulie tena lile gari jeupe. Nimemsimulia, na king'ora chake, mpaka usingizi ukamchukua.