Lia, Shoto, Panda, Shuka

Jumapili, 3 Machi

Kilomita ishirini na moja! Nusu ya maratoni yenyewe, na bado niko hai. Kisigino kinawaka moto, lakini hiyo ni siri yangu na beseni la maji baridi.

Kaka alikuwa vilevile, mdomo haumchoki. Nilipomvisha utepe mkononi akauliza, "Leo tena unanipeleka malishoni?" Utepe nimeushona mwenyewe kazini kwa mabaki ya kitambaa cha sare — kitanzi kimoja mkono wake, kingine mkono wangu. Yeye anauita kamba ya mbuzi. Tangu macho yake yazime, miaka minne sasa, hakuna kinachomchekesha kama kufungwa kamba na mdogo wake.

Maneno yetu ni manne. Panda — kuna ukingo, inua mguu. Shuka. Shoto. Lia. Mwanzoni tulisema kulia na kushoto kama watu wenye akili zao, lakini kwenye kelele za magari anasikia ile "ku" tu, na "ku" haina upande. Basi tukaikata.

Leo mama muuza mboga kanisikia nikimfokea "Lia! Lia!" kipofu niliyemfunga kamba. Akaacha mizani yake. We dada huna hata haya, mtu haoni na bado unamlazimisha kulia! Kaka akacheka mpaka tukasimama. Akamwambia mama wa watu, ndiyo, ananitesa huyu, na chakula ananinyima. Mshenzi mkubwa!

Tarehe ishirini na nne klabu ina mbio ndefu za majaribio, kilomita thelathini. Kocha anataka kuona nani anafaa kuandikishwa maratoni. Mimi na kaka hatujawahi kufika huko.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshona mifuko ya kaptula nje ndani. Msimamizi kanipa vidonge vyangu, nimevimeza. Mawazo yote yako barabarani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemgongesha.

Alisema ana kiu. Tulikuwa kwenye barabara moja pana, mwanzo imenyooka kisha inapinda kushoto, haina watu. Nikageuka ili nimpe chupa, nikawa nakimbia kinyumenyume, uso kwa uso naye. Nikatupa jicho begani — nguzo ya taa, hiyo hapo! Nikapiga kelele, lia! Lia yangu mimi niliyegeuka. Yeye akaenda lia yake. Goti na paji la uso, moja kwa moja.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akapapasa mpaka akaigusa nguzo, akasema "aha" tu. Damu ikamchirizika hadi kidevuni. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji, simmwagii, simpi, nimesimama tu kama nguzo ya pili.

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Nilidhani atanizaba kofi. Akasema, "Wifi, nilikukabidhi mume mbovu macho, unanirudishia mbovu mpaka goti!" Kisha akaenda jikoni akalia kwa sauti ya chini. Afadhali angenizaba.

Mimi sikulia. Sijui kwa nini. Nimekauka.

Jumatatu, 11 Machi

Kaka hajapiga simu. Mimi pia sijapiga, naogopa.

Kocha kapiga mchana, cherehani zinaunguruma, nikatoka nje kumsikiliza. Hakuna anayekulaumu, alisema. Watu wakianza hivyo ujue lawama iko njiani. Anataka kaka ajaribu na Mrefu.

Mrefu ni fundi umeme, miguu kama ngazi, amekwishakimbia maratoni zake kadhaa. Kazi yake kupanda nguzo. Kazi yangu kugongesha watu kwenye nguzo. Hata mimi ningemchagua Mrefu!

Kocha anasema amemuuliza kaka, na kaka kajibu "sawa tu." Sawa tu! Maneno mawili, na miezi yote tuliyokimbia pamoja imekwisha. Goti halikuvunjika, daktari kasema michubuko. Angalau hilo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefanya ujinga. Baada ya kazi nikaenda uwanjani, nikajibanza nyuma ya uzio kama mwizi wa nguo za kambani.

Wanakimbia vizuri. Niseme ukweli, vizuri kuliko sisi. Mrefu anasema neno moja, kaka anapinda, hakuna kelele, hakuna vichekesho. Kaka hajawahi kwenda kasi ile na mimi. Mimi ndiye breki yake.

Niliona wivu mpaka masikio yakapata moto. Kipofu ni kaka yangu, si wa Mrefu!

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda kumrudishia utepe. Nimeufua, damu imetoka, imebaki alama ndogo. Nilipanga niuache kwa wifi nikimbie zangu. Kaka akasikia nyayo. "Huyo anayeburuta kisigino ni nani?" Kumbe siri yangu na beseni anaijua siku zote.

Tukakaa. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliniuliza, "Ulisema lia?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nilikwenda lia?"

Ndiyo.

Akapumua. Alisema wiki nzima anajipima chumbani, huu mkono wa kulia, huu wa kushoto, kama mtoto wa chekechea. Alidhani akili nayo imeanza kuzima kama macho. Ndiyo maana alisema sawa tu. Hakutaka mdogo wake aburutane na mtu asiyejua mkono wake wa kulia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wote tulimpigia kelele za goti, hakuna hata mmoja aliyemweleza kilichotokea! Nikamwambia. Nilikuwa nimegeuka, kaka. Nilikuwa nakutazama wewe. Ilikuwa lia yangu.

Nikangoja matusi. Akasema, "Jumapili njoo mapema. Na usinigeukie tena, kwani kuna nini cha kutazama?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Uso wake ulisema hapana.

Jumamosi, 23 Machi

Kesho. Kocha amekubali shingo upande: tukimbie, halafu ataamua jina la mwongozaji wa maratoni ni langu au la Mrefu.

Nimejaribu kusema maneno yetu peke yangu, njiani kutoka kazini. Panda, shuka, yanatoka. Shoto na lia yanakwama. Kila mara nauliza kwanza, ya nani? Na mguu wa mtu hausubiri maswali.

Njia inapita kwenye ile nguzo. Nimeitazama ramani mara tatu, kana kwamba itahama.

Jumapili, 24 Machi

Nipo chumbani kwa wifi, mguu kwenye beseni. Kaka na Kocha wako sebuleni. Niandike upesi kabla sijaitwa.

Kipenga kikalia! Viwiko mbele, viwiko nyuma. Nikawa nasema bila kupumua — panda, shuka, shoto, mama na kitoroli, shoto tena. Kwenye umati ulimi ulifunguka, sikuwa na nafasi ya kuogopa. Kaka katulia tuli. Mrefu alitupita mapema, akampungia mkono kipofu, ndizo akili zake.

Kilomita ya ishirini tuliipita tunacheka. Baada ya hapo miguu ikaniisha. Si kuchoka — kuisha. Nikajikaza kisabuni, nikapaza sauti ili asijue. "Leo mbuzi anamvuta mchungaji," akasema. Na kweli, utepe umenyooka, yeye mbele, mimi nyuma. Mwongozaji gani anavutwa!

Ndipo tukaingia ile barabara. Nguzo nikaiona kutoka mbali. Nilitakiwa kusema shoto. Neno moja! Mdomo wazi, sauti hakuna. Nikaliona goti lake lenye kovu, na lia yangu, lia yake, shoto yangu, shoto yake, vyote vikachanganyika kichwani. Nikasimama. Naye akasimama, maana utepe kazi yake ni hiyo.

"Mbona kimya?"

Akanyoosha mkono, akaikuta nguzo. Akaipapasa juu mpaka chini.

"Ndiye huyu?"

Ndiye.

"Habari yako, bwana," akaiambia nguzo. "Mdogo wangu anakuogopa kuliko mimi."

Watu wanatupita. Mmoja akauliza kama tunahitaji gari. Muda unakwenda, nami nimeganda. Kaka akanigeukia, akasema, "Lia."

Nikamwambia siyo lia, kaka, huko ni mtaro, sisi tunakwenda shoto.

"Sisemi upande," akasema. "Lia. Siku ile wifi yako alilia. Mama alilia kwenye simu. Hata mimi nililia bafuni. Umebaki wewe. Lia umalize, tukimbie."

Nikalia. Mbele za watu, kamasi na jasho, nimekumbatia nguzo. Yeye kasimama kiuno kashika, kama mtu anayengoja ndoo ijae. Hakunibembeleza hata kidogo.

Kisha nikasema shoto. Ikatoka. Tukaenda shoto.

Zilizobaki sizikumbuki vizuri. Tulimaliza, meza za maji zinakunjwa. Nilipovuka mstari kisigino kikakataa kabisa. Kaka akaniweka mgongoni mpaka kwenye gari la klabu, mimi huko juu nikisema panda, shuka, shoto, na watu wanapiga picha. Aibu gani!

Sasa Kocha yuko sebuleni, majina yanapelekwa leo. Mlango uko wazi kidogo. Namsikia anasema thelathini imemlaza dada yako, hiyo arobaini na mbili itakuwaje? Mrefu yuko tayari, mguu mzima, kichwa kizima. Na hakosei. Ningekuwa mimi ndiye Kocha ningesema hayohayo. Lakini sitaki! Sitaki mtu mwingine awe upande wa pili wa utepe ule. Nimeliandika, basi.

Wifi kaingia na taulo. Kanitazama kisigino, kimevimba, hata kandambili haiingii. Akasema, "Mimi nilimtaka Mrefu, wifi, sikufichi." Akaniwekea taulo begani. "Lakini umesikia anavyoimba tangu arudi?" Akatoka.

Utepe niliuacha mezani nilipoingia. Haupo. Kutoka hapa naona mkono wa kaka tu, juu ya kiti. Kitanzi kimoja ameshakivaa. Kingine kinaning'inia. Kocha ameshika kalamu, anauliza, haya, niandike nani? Kaka anakitikisa kile kitanzi kitupu.

Ananiita. Haniiti kwa jina, anasema "Shoto!" — na mlango wa chumba hiki uko lia yake, lakini uko shoto yangu mimi. Yangu!

Nimetoa mguu kwenye beseni. Ngoja niukanyage nione kama —