Evance kampeleka mama akampatanie bei ya kompyuta

Pendo uko wapi?? Acha kila kitu usome. Kaka yangu Evance leo kaumbuka, na mimi nilikuwepo!

Si anatafuta kompyuta ya mtumba ya kuchezea gemu? Nyumbani kasema ni ya kusomea chuo. Sasa bei zikambana, akambeba mama aje ampatanie bei. MAMA! Yule anayeuza kabichi za Mgeta, akikutajia bei unaona aibu kubisha.

Na kweli kaishusha bei mpaka muuzaji anacheka mwenyewe. Evance meno yote nje. Muuzaji naye, kwa roho safi kabisa, akamuuliza, "Kijana, unacheza gemu gani, nikupe mashine isiyokwama?"

Pendo, meno ya Evance yakarudi ndani!

Mama akamgeukia. "Gemu?"

Evance: "Ni... ni somo mama. La vitendo."

"Haya, fanya hivyo vitendo nione."

Aisee! Muuzaji akawasha gemu la mpira, akampa Evance padi ya kuchezea, wakaanza kushindana. Mama kavuta stuli, mkoba kaupakata. Mashine inakwamakwama, Evance jasho linamtoka. Kafungwa la kwanza. La pili. Mpaka la tano! Na mama ANAANGALIA!

Nikajua leo makofi yatatembea humu dukani.

Mama akainuka, akamwambia muuzaji, "Hii rudisha. Tupe yenye nguvu, kwa bei ileile."

Halafu akamgeukia Evance, "Uongo wako tutauongea nyumbani. Lakini mwanangu, hata hilo somo la uongo nalo unafeli?"