Mashine ya Mjomba, Mkono wa Bibi

Mpendwa mshauri,

Salamu zangu zitakuwa fupi kwa sababu nimebanwa, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, maana Ijumaa narudi nyumbani na bibi yangu atakunja mkono wa gauni lake na kuniambia, "Haya nesi wangu, nipime."

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi. Nilipopata nafasi ya chuo, nyumbani walinifanyia sherehe ndogo sebuleni na kila mtu akaja na zawadi ya kazi ambayo bado sijaipata. Mama mdogo alileta saa ile ya kubandika kifuani, binamu zangu walinunua kikombe kilichoandikwa "Nesi Wetu", na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari na ni mtu wa miraba minne, aliniletea mashine ya kupimia presha, ile ya betri yenye mkanda wa kufunga mkononi. Alikwenda dukani mwenyewe akamwambia muuzaji, "Nipe inayonienea mimi, nisije nikabebeshwa ya watoto," wakaijaribu kwenye mkono wake palepale kaunta, ikamkaa sawasawa, akainunua. Alipotusimulia tulicheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu nilikuwa na furaha sana, mshauri, katika familia yetu hakuna aliyewahi kusomea kitu chochote cha hospitali.

Basi nikaanza kumpima bibi kila ninaporudi kutoka bwenini mwisho wa wiki. Bibi ndiye aliyenilea. Ana presha ya siku nyingi na alikuwa hakosi kliniki. Ni mwembamba, nikiushika mkono wake vidole vyangu vinakutana, na ule mkanda nilikuwa naukaza mpaka mwisho na bado unacheza, lakini namba zilitokea kwenye kioo na zilikuwa nzuri, nami nikamwambia, "Bibi, uko sawa kabisa." Akanishika mashavu, akaita jirani aje aone. Wiki iliyofuata namba zikawa nzuri tena, na nikamsikia anamwambia yule jirani, "Nikashinde kliniki kwenye benchi nikisubiri kuitwa kwa nini, na nesi ninaye ndani ya nyumba?" Nilisikia na sikusema kitu, na ukweli ni kwamba nilijisikia fahari. Tangu hapo hajaenda tena kliniki. Baadaye nikaona vidonge vyake vimebaki vingi kwenye pakiti, nikamuuliza, akasema, "Aa, vile vinanipeleka chooni usiku kucha, na wewe mwenyewe si umesema niko sawa?" Hapo pia nikanyamaza.

Sasa wiki iliyopita mwalimu wetu wa vitendo alileta darasani mikanda ya saizi mbalimbali. Akamwita mwenzetu mmoja tunayemtania Kijiti kwa wembamba wake, akampima kwa mkanda unaomfaa, kisha akampima kwa mkanda mkubwa, na ule mkubwa ukatoa namba za chini, mtu yuleyule, kiti kilekile. Mwalimu akasema, "Mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, mashine itakwambia mgonjwa ana nafuu, na nafuu hana." Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinitoka mkononi. Mwalimu akaniuliza, "Wewe vipi, umeona jini?" Darasa likacheka, nikasema ni njaa tu.

Jioni ile nikapiga simu nyumbani. Bibi akaniambia siku hizi anaamka na kichwa kizito na macho yanamfanyia ukungu, na kwamba jana alipokuwa anatoka bafuni alilazimika kushika ukuta. Kabla sijasema lolote akaniwahi, "Uzee huo, mjukuu wangu, usiwe na wasiwasi. Si ulinipima?"

Mshauri, nimekwama. Nikisema ukweli mjomba ataona naitukana zawadi yake, na pale gereji hakuna mteja asiyejua kwamba mtoto wa dada yake ana mashine yake mwenyewe. Chuoni nako tulitia sahihi siku ya kwanza kwamba hatutampima wala kumtibu mtu yeyote nje bila msimamizi, na nikijulikana naweza kufukuzwa. Nimefikiria ninunue mkanda mdogo kimyakimya nimpime upya bila kumwambia kitu. Nimefikiria kusema mashine imeharibika. Nimefikiria pia kusubiri mpaka tumalize mitihani, hazijabaki wiki nyingi, halafu nimshauri taratibu arudi kliniki kama vile ni wazo lililonijia tu. Je, naweza kusubiri? Nataka sana kuwa nesi. Sitaki kuanza kwa kumpoteza bibi wala kwa kufukuzwa, na sijui kati ya hayo ninaogopa lipi zaidi, na kule kutojua ndiko kunakonitisha.

Ni mimi,
Ninayeiogopa Ijumaa

*

Binti yangu Unayeiogopa Ijumaa,

Hapana, huwezi kusubiri. Weka gazeti chini, mpigie mjomba wako sasa hivi ampeleke bibi hospitali leo. Kama kichwa kinamuuma kupita kiasi, au mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri, basi hata nguo asibadilishe, waondoke kama alivyo. Ukishakata simu ndipo urudi kusoma yaliyobaki. Nakungoja.

Umerudi? Vizuri. Hukuandika namba yako ya simu kwenye barua, na nadhani najua sababu. Ungeiandika ningekupigia siku ileile. Mhariri amekubali barua yako itoke leo, mbele ya walioandika kabla yako, nao watatusamehe. Lakini jiulize, mwanangu: umesikia bibi yako anashika ukuta, una simu mkononi, una mwalimu chumba cha pili, nawe ukaketi kuandika barua kwa gazeti. Ulinichagua mimi kwa sababu niko mbali. Ulitaka kuwa umeomba msaada bila msaada kufika haraka. Hilo ndilo linalonikasirisha. Kumpima bibi yako hakunikasirishi sana, kwa sababu ulimpima kwa mapenzi na hukujua. Lakini tangu siku ya somo lile unajua.

Mkanda mdogo wa kimyakimya uusahau. Utampima, utaona namba za kweli, kisha utafanya nini? Utamficha namba hizo? Na ile ya kusema mashine imeharibika ni uongo utakaomwacha bibi akiamini kwamba zile namba za mwanzo zilikuwa za kweli. Mashine ni nzima. Inamfaa mjomba, haimfai bibi, basi. Mwambie mjomba maneno hayohayo. Mtu anayejua kwamba tairi la lori haliingii kwenye gari dogo ataelewa kabla hujamaliza kusema. Unamwogopa bure, naye ni fundi wa magari, hatakosa gari la kumpeleka bibi.

Vile vidonge asivimeze kwa kufidia alivyoruka. Vibebwe vyote na pakiti zake wakaonyeshwe wauguzi, na wao ndio watakaosema aanze vipi. Na yule jirani aliyeitwa aje aone, na yeyote mwingine uliyemfunga ule mkanda, nao waambiwe.

Kuhusu chuo, nenda leo kwa mwalimu yule wa vitendo, mtafute peke yake, umweleze yote, kisha umwombe ruhusa ya kwenda nyumbani. Siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa. Ulitia sahihi, na ile sahihi haikuwa pambo. Ila nimefanya kazi karibu na wauguzi kwa muda mrefu, na ninachojua ni kwamba mwalimu anaweza kumfundisha mtu aliyekosea akaja kusema. Aliyekosea akanyamaza, huyo huwezi kumwachia wodi.

Nanyi wazazi, wajomba na mama wadogo mnaosoma hapa, nawaombeni. Mtoto akipata nafasi ya chuo, mpeni viatu vya kutembelea, mpeni madaftari, mpeni godoro la bweni, mlisheni ashibe. Lakini mnapompa cheo kabla hajafundishwa, kisha mkakaa mbele yake na kukunja mikono ya nguo, mnamtwika mzigo ambao hana jinsi ya kuukataa. Ni nani kati yetu, katika umri ule, angemwambia bibi yake, "Sijui"? Saa na kikombe havina neno. Zile zawadi za kupimia na za kuchomea sindano ziwekeni kabatini mpaka apewe leseni yake.

Na wewe, binti, umeniambia unataka sana kuwa nesi. Nakuamini, kwa sababu ungekuwa hufai, kalamu isingekutoka mkononi siku ile. Sasa fika nyumbani. Mwambie bibi, "Nilikupima vibaya, hukuwa sawa, nisamehe." Usiongeze maelezo ya kujitetea. Kama hospitali wamemruhusu, mpeleke kliniki wewe mwenyewe. Muuguzi wa pale atauliza kwa ukali ni nani aliyemwambia yuko sawa mpaka akaacha dawa. Bibi yako atataka kukufichia, atasema ni ujinga wake, ni uzee, alisahau tu.

Usimwache aseme. Jibu wewe.