Kitufe Kisichosema

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako na kitambi chake. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa kuliko ulivyoongea, na kwa mtu kama wewe hiyo ni habari kubwa. Shemeji je, na wale pacha? Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida, na mke wangu analalamika kuhusu mgongo wangu, kwa hiyo nyumba haina upweke.

Ujumbe wako wa jana unauliza mbona Dada hapokei simu. Hana hasira nawe. Ana hasira nami, na ana haki. Barua hii nilipaswa kuiandika majuma matatu yaliyopita, ila mwenye kosa kalamu yake ni nzito.

Unakumbuka kwamba jicho lake la kushoto ndilo lililobaki na mwanga. La kulia lilishachukuliwa na presha ya macho, na hili la kushoto linaishi kwa matone ya dawa. Hasomi kwalo, anajua tu dirisha liko wapi na ukuta uko wapi. Lakini unamjua. Kwa mwanga huohuo anapika, anafua, na ananikamata nikiingia sebuleni na viatu. Daktari alituambia tangu mwanzo: kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi.

Sasa, kliniki yake ya macho ndiyo iliyonipa kazi mwaka jana ya kutengeneza tovuti ya kuchukulia miadi. Nilijivuna kama jogoo. Nilikutumia, ukasema inapendeza, kwa hiyo na wewe umo kidogo. Herufi za kijivu hafifu juu ya weupe, kama maziwa yaliyomwagika kwenye sahani nyeupe. Vitufe vyote niliviweka kwa picha tupu: kalenda, saa, alama ya tiki. Tena ni mimi niliyewashauri waache kupokea miadi kwa simu, eti tovuti haichoki. Kliniki ya macho, mdogo wangu. Na katika watu wote walioijaribu kabla haijafunguliwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa wa macho.

Dada hakujua ni kazi yangu. Nilitaka asikie sifa zangu kwa watu kwanza.

Dawa ilipokaribia kwisha alichukua ile simu uliyomtumia, inayomsomea yaliyo kwenye kioo, akaingia mwenyewe. Kuomba msaada hakutaka, unamjua. Simu ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Hakuna kilichosema ni kitufe cha nini. Alipobahatisha kimoja, akaambiwa achague picha zenye baiskeli ili kuthibitisha kwamba yeye ni mtu. Alijaribu siku baada ya siku. Matone yakaisha, akaendelea kujaribu. Alipojikongoja hadi kliniki yenyewe, mlinzi akamwambia bila namba ya miadi haingii mtu. Mwezi mzima ukapita hivyo.

Siku aliponieleza nilikuwa kwake nakunywa chai.

"Huyo aliyetengeneza kile kitu," akasema, "mama yake hakumwambia kwamba duniani kuna watu wengine?"

"Labda alisahau kumwambia."

"Hakuna mama anayesahau hilo. Huyo ni mtoto asiyesikia tu."

Chai ikapita njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka akanipiga mgongoni, na hata hapo sikusema. Nilimchukulia miadi palepale kwa simu yangu. Nafasi ya karibu ilikuwa majuma matatu mbele. Tulikwenda duka la dawa na cheti cha zamani, mwenye duka akakataa kutuuzia. Alitaka daktari apime kwanza.

Nikarudi nyumbani kuanza shule na mvi zangu. Kipanya nilikifungia kwenye droo. Nikajifunga taulo usoni, nikawasha sauti ya kusoma kwenye kompyuta, nikaingia kwenye tovuti yangu mwenyewe kwa kibodi peke yake. Dakika arobaini. Mimi niliyeijenga sikuweza kuchukua miadi. Mke wangu alinikuta naitukana kalenda akaniuliza nimeibiwa nini.

Niliyojifunza si makubwa, na hapo ndipo panaponiuma. Kila kitufe kipewe jina lake. Kisanduku cha kujaza kiseme kinataka nini. Picha iwe na maneno machache ya kuieleza, herufi zikolee, na mtu aweze kupita kote bila kipanya. Zile baiskeli nilizitoa kabisa. Kazi ya siku nne tu, ambayo ningeweza kuifanya mwaka jana. Mkuu wa kliniki alinung'unika kwamba wagonjwa wasioona wana ndugu wa kuwasomea. Nikamwambia huyo ndugu namfahamu vizuri, asimtegemee. Ameirudisha na simu ya miadi, kwa shingo upande.

Ijumaa nilikwenda kwa Dada nikamwambia nimesikia tovuti imerekebishwa, hebu aijaribu. Nimesikia! Akatelezesha kidole, simu ikasoma kwa kile Kiswahili chake cha mgeni wa juzi: "Miadi yangu, kitufe. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Thibitisha, kitufe." Akathibitisha mwenyewe, akatabasamu. Ningekuwa na akili ningeiomba simu hapohapo. Lakini Dada husoma kila kitu mpaka mwisho. Enzi za macho yake alikuwa akisoma hata maandishi ya chini ya kopo. Akaendelea kushuka. Nami, kwa bidii ya mwanafunzi mgeni, nilikuwa nimeipa kila picha maneno, hata nembo yangu ndogo kule chini kabisa. Simu ikasoma bila haraka: "Picha. Kobe aliyevaa kofia. Tovuti hii ni kazi ya Fundi Kobe."

Jina hilo alinipa yeye nikiwa na miaka sita, kwa mwendo wangu nikitumwa dukani.

Dada akasema, "Kumbe mama yake ni Mama." Akaiweka simu mezani, kioo chini. Nilieleza, nikaomba radhi, nikaeleza tena. Akaniambia niende nyumbani. Tangu hapo hapokei simu ya mtu.

Leo asubuhi nimekwenda tena. Alinifungulia, akarudi kwenye kiti chake, uso ameuelekeza dirishani. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima mpaka kwenye miguu yake.

"Fungua pazia," akasema. "Giza gani hili."

Pazia lilikuwa wazi. Nilisogea nikazishika pete zake. Ningezivuta kidogo zikalia, naye angeamini nimefungua. Lakini nimeshadanganya vya kutosha.

"Dada, liko wazi."

Akanyoosha mkono, nikausogelea, akanishika kiwiko.

"Haya," akasema. "Alhamisi usichelewe, Kobe."

Usiniandikie maneno ya kunifariji. Mpigie yeye Alhamisi jioni, na asipopokea, piga tena.

Nisalimie shemeji, uwabusu pacha, na ukumbuke kwamba mke wangu bado anangoja picha zao. Mungu akulinde na hiyo baridi, na sisi huku atuachie walau dirisha moja.

Wako akupendaye hata anapochelewa,
Kaka yako,
Kobe