Pamba ya Memsahibu

Jumanne. Ukungu umeikalia Molo tangu asubuhi, pareto imelowa, hakuna kuchuma. Lakini mimi leo nina raha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kesi yenyewe ni ya pamba. Memsahibu ninayemlelea watoto alinipa pakiti ya pamba za dukani, zile wanawake wa kizungu hutumia wakiwa katika siku zao. Nilizipenda. Hakuna kufua vitambaa kwa kujificha, mikono ikifa ganzi kwa baridi.

Shida ni kwamba siku zangu huniangusha chini. Naumwa mpaka natapika. Na tangu Wafula anioe, mtoto bado.

Mama mkwe akaunganisha mambo: pamba inaziba, damu inarudi juu, inaozea tumboni. Jumapili akaleta ushahidi. Alitumbukiza moja ndani ya karai la maji mbele ya wanawake wote wa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi. Ikanywa maji, ikavimba.

"Mmeona? Ikimaliza damu, inamnywa na mtoto!"

"Yesu wangu!" wakasema wote.

Akamwambia Wafula anirudishe kwetu Kimilili, atafute mwingine. Wafula akanyamaza. Kule kunyamaza kuliniuma kuliko tumbo.

Nililia, sifichi. Kisha nikakasirika, na hasira ikanifungua akili. Maumivu haya nilianza nayo nikiwa msichana kwetu, pamba hata sijaiona. Na mwezi uliopita nilirudia vitambaa makusudi. Nikaumwa vilevile.

Siwezi kuapa kwamba pamba haina neno. Labda inaongeza, labda haiongezi, mimi si daktari. Lakini hata mama mkwe si daktari.

Leo asubuhi nimemkuta Naliaka, binti yake wa mwisho, amejikunja juu ya magunia ya viazi, jasho linamtoka na baridi yote hii. Sikuhitaji kuuliza. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikaifunga kitambaa na kumwekea tumboni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Naliaka hutumia vipande vya leso kuukuu ya mama yake, na mama mkwe anajua hivyo, maana alivikata mwenyewe.

"Mama," nikasema polepole, "na huyu pamba alipewa na nani?"

Alikaa chini, akaivuta miguu ya bintiye mapajani, akaisugua muda mrefu.

"Hata mimi nilikuwa hivi hivi," akasema mwishowe. "Ijumaa lori ya maziwa ikishuka Nakuru, mpande wote wawili, wewe na Naliaka, mkaone daktari. Na Kimilili huendi."

Wafula amerudi jioni, anazunguka nyumba na maneno mdomoni. Wacha azunguke kidogo.

Ijumaa nashuka hospitali. Pakiti ya pamba naibeba pia, daktari aione. Kama ina makosa, aniambie yeye, si karai.