Kichwa Kilichokaa Upande

Jumamosi, 3 Mei

Nimeitoa juu ya kabati. Ile kompyuta yetu ya utotoni, inayosoma programu kutoka kwenye kaseti! Vitufe vyake vya mpira bado vinanukia vilevile — mpira na vumbi lililopashwa moto. Nimeipakata nikajiona msichana wa miaka kumi na minne, magoti yamechubuka, nywele zimenishinda. Mume wangu akapita na kikombe chake cha chai: "Mume mwenzangu hajambo?" Hajambo, nikamjibu, na afadhali yeye, hakoromi.

Aliyenichokoza ni Bwana Kaseti. Ndivyo ninavyomwita, jina lake halisi silijui wala sura yake. Yuko mtandaoni tu, anakusanya programu zote zilizowahi kuandikwa kwa kompyuta hii kabla hazijapotea. Kazi ya wendawazimu, na mimi ni mwendawazimu mwenzake. Nikitoka kazini kwenye duka la dawa jioni namwandikia viprogramu vidogo vya kumsaidia kusafisha sauti za kaseti za watu. Leo ameniuliza: kwenye jarida moja la zamani ameona tangazo dogo la mchezo uitwao *Tarishi*, na jina la ukoo la waliouandika ni kama langu. Je, ni ndugu zangu?

Ni mimi! Mimi na mdogo wangu. Mistari yote ya programu niliandika mimi, picha zote alichora yeye. Tarishi anapita mitaani na barua zake, mbwa wanamkimbiza, watu wanamfungia milango usoni. Tulikuwa na akili, jamani. Zilikwenda wapi?

Kaseti ipo, kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo. Moja tu. Mwandiko juu yake ni wa mdogo wangu, herufi zimelala kama zimechoka.


Jumapili, 4 Mei

Nimempigia mdogo wangu kumpa habari.   Akasema: "Dada, nataka kuiona ile picha."

Najua anayoisema. Picha ya mwanzo, inayojitokeza wakati mchezo unapakiwa. Aliichora kwanza kwenye daftari la hesabu, kiboksi kwa kiboksi, wenzake wanamwita mpirani yeye hasikii. Mimi nikavigeuza vile viboksi kuwa tarakimu za programu. Baba akipita alikuwa anauliza kama hiyo ndiyo homuwaki.

"Kabla hawajanizimia taa," akaongeza, anacheka. Presha ya macho imemwandama miaka sasa. Anasema anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wifi yangu, mkewe, akachukua simu, nikasikia mlango unafunguliwa, ametoka nayo nje. Daktari amesema kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki kinaondoka mbio. "Kama una la kumwonyesha, wifi, mwonyeshe sasa."

Basi. Bwana Kaseti atanisamehe, lakini hii si kazi yake tena. Ni ya mdogo wangu.


Jumatano, 7 Mei

Redio kaseti haizunguki. Ni ileile tuliyorekodia enzi hizo, sikuwahi kuitupa. Nimeifungua: mkanda wa mpira wa ndani umeyeyuka, umekuwa lami. Vidole vyangu vyeusi hadi sasa.

Nimeipeleka kwa fundi redio, yule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Akaipokea kwa mikono miwili kama amekabidhiwa mtoto mchanga. "Mama, hizi ndizo zilikuwa mashine!" Nirudi kesho.


Alhamisi, 8 Mei

Inazunguka! Mkanda mpya, imesafishwa, imepakwa mafuta. Fundi anatabasamu mpaka magego. Halafu akaniambia ananipa na zawadi juu: kile kichwa cha kusomea kaseti kilikuwa kimekaa upande, kwa hiyo amekinyoosha. Akaweka kaseti ya muziki nisikie. Sauti safi, kila kamba ya gitaa inajitegemea. Nilimshukuru sana. Nilimshukuru hadi mlangoni!


Jumamosi, 10 Mei

Haisomi.

Inavyotakiwa ni hivi: kwanza mluzi mrefu, kisha zile kelele za kukwaruza, na pembeni mwa skrini mistari ya rangi inacheza. Leo mluzi umetoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Mistari ikatetemeka, ikafa. Nikarudisha mwanzo. Ikafa tena. Nikachungulia kwenye kichwa — unga wa kahawia. Kaseti inapukutika! Kila nikiipiga inaacha ngozi yake pale. Nikaizima.

Nikamwandikia Bwana Kaseti. Akanijibu kwa swali moja tu: kuna mtu amegusa kichwa?

 Ndiyo. Kuna mtu amegusa, na mimi nikamshukuru.

Ameeleza, nami nimeelewa kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Kaseti iliyorekodiwa na kichwa kilichokaa upande inasomeka na kichwa kilichokaa upande, na uwe upande uleule. Redio yetu ilikuwa imepinda tangu tulipoirekodia. Ilijiandikia kwa upogo na kujisoma kwa upogo, wala hatukujua. Kwa muziki wa watu, kuinyoosha ni kuitengeneza. Kwa kaseti yetu ni kuifumba mdomo. Na ilipinda kiasi gani? Nani anajua! Nani anapima kosa kabla ya kulirekebisha?

Nimegombana na mume wangu kuhusu taulo. Taulo halina hatia, na yeye pia.


Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa fundi nikiwa nimejaza maneno mdomoni. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye kigoda chake, akaniangalia. "Mama, ningejuaje kwamba upande ndio uliotakiwa?"  Angejuaje kweli? Alijaribu kukumbuka alizungusha vipi, akawa anazungusha mkono hewani, huku, hapana, huku. Hakumbuki. Amenipa bisibisi yake ndogo kabisa, ya saa, akanionyesha skurubu yenyewe pembeni mwa kichwa. Ni ndogo kama punje ya mtama. Hakutaka hata nimwahidi kuirudisha.

Nikirudi nyumbani nikakumbuka tulivyokuwa tunasubiri mchezo upakiwe. Sebule ya nyumbani, pazia limefungwa, mama amekatazwa kutembea kwa vishindo. Kakatazwa na watoto wake, na anatii! Tunabana pumzi. Halafu baba anatokea mlangoni, amefunga mikono kifuani: taarifa ya habari. TV ni yake. Anabonyeza, sura ya msomaji inatokea, na kazi yetu yote imekwenda na maji. Mdogo wangu alikuwa analia kimyakimya kwa hasira, machozi yanadondokea kwenye vitufe. Namfuta kwa gauni langu. Natamani hata ile hasira.


Ijumaa, 16 Mei

Tumeipata!!

Bwana Kaseti amenipa utaratibu: tafuta ule upande kwa kutumia mluzi wa mwanzo tu, kidogokidogo, ukipata, iache kaseti ipite mara moja, irekodi kwenye kompyuta mpakato, usiiguse tena. Baada ya hapo faili ndilo litakaloimba badala ya kaseti.

Masikio yangu si ya kuaminika. Ya mdogo wangu ndiyo yalikuwa kipimo. Zamani alikuwa anajua ni mchezo gani unapakiwa akiwa bafuni. Nikampigia, nikaweka simu karibu na spika, bisibisi mkononi.

"Bado ana blanketi mdomoni," akasema.

Nikazungusha.

"Unampeleka mbali, Dada. Rudi."

Nikarudi.

"Bado. Bado. Wewe mbona mkono mzito hivyo, unafungua gurudumu la lori?"

Nikamwambia aje ashike mwenyewe. Akacheka. Nikazungusha kama vile nagusa jicho la mtu. Mluzi ukapanda, ukakonda, ukawa mkali — meno yakaniuma kwa utamu!

"Hapo! Hapo hapo! Toa mkono!"

Nikatoa mkono. Nikaiacha ipite.  Mume wangu alikuja mlangoni, akaniona, akavua viatu akarudi kwa vidole. Namsamehe taulo. Kaseti ikafika mwisho, faili likahifadhiwa, nikamtumia na Bwana Kaseti nakala.

"Usilifungue kwanza," mdogo wangu akaniambia. "Nisubiri. Tuione pamoja." Kesho anakuja. Nimefuta kioo cha TV kwa siki.


Jumamosi, 17 Mei

Sijui niandike vipi hii.

Wamekuja baada ya chakula cha mchana. Wifi yangu amemshika mkono kwenye ngazi, ameuachia mlangoni. Mdogo wangu amepungua. Akanitania kwamba nimenenepa — nikamuuliza amejuaje, akasema kwa sauti ya hatua zangu. Tukacheka wote.

Nikamweka kwenye kiti mbele kabisa ya TV, magoti yanakaribia kuigusa, kama tulivyokuwa tunakaa. Nikavuta pazia. Nikaunganisha waya. Mluzi ukaanza, akanishika kiganja. Kiganja chake bado kina joto lilelile. Kelele za kukwaruza, mistari inacheza, na picha ikaanza kujichora kutoka juu, nyeusi na nyeupe kwanza, ukanda kwa ukanda. Hakuna kosa hata moja. Miaka yote ile kwenye kopo la vifungo! Nilitaka kupiga kelele.

Rangi huja mwisho, na sauti yake ni tofauti kidogo. Aliisikia. "Haya, rangi hizo!" Akaegemea mbele. "Mwone! Mwone na baiskeli yake ya bluu! Na mbwa kang'ang'ania suruali, suruali inavuka! Dada, nilikuwa najua kuchora, eeh?"

Nikacheka. Nilidhani ananikejeli.

Maana picha iliyokuwa pale haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Ile ya kwanza kabisa, niliyoichora mimi kabla hajaninyang'anya kazi kwa huruma: tarishi anatembea kwa miguu, mwekundu mwili mzima, kichwa kama sufuria iliyopinduliwa. Hakuna baiskeli. Hakuna mbwa. Hakuna bluu popote kwenye skrini. Kumbe enzi zile tulirekodi kwenye kaseti hii nakala ya zamani bila kujua.

Nikasubiri acheke na yeye. Hakucheka. Uso wake ulikuwa unang'aa, umegeuka kidogo tu pembeni mwa TV, pembeni kiasi cha mtu asiyejua iko wapi hasa.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na glasi za maji. Alisikia bluu. Akatazama ule wekundu. Akanitazama mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa unajua kuchora."

Mchezo ukaanza. Akachukua kompyuta mapajani, vidole vikakaa kwenye vitufe vyenyewe bila kutafuta. Tarishi akaenda moja kwa moja kwa mbwa wa kwanza. Akaliwa. Mara nyingine tena akaliwa. Akasema TV za siku hizi zina mwanga mkali. Ndiyo, nikasema. Mwanga mkali sana.

Walipoondoka nilikaa kwenye kile kiti chake nikalia mpaka kifua kikauma. Nilikuwa nashindana na muda, kumbe muda ulishafika kitambo, ukavua viatu, ukakaa.


Jumapili, 18 Mei

Wifi amepiga asubuhi. "Hata mimi ananiambia anaona katikati," akasema. "Nikimwuliza shati langu la rangi gani, ananiambia nzuri." Kisha akasema jana alirudi anaimba, amekula vizuri, amewapigia marafiki zake wawili. Nisimwambie chochote. Halafu akasema: au mwambie wewe, wifi, mimi siwezi. Halafu akasema hapana.

Bwana Kaseti naye ameandika. Faili limesafishika, anashukuru, anaruka kwa furaha. Lakini jaridani kuna picha ndogo ya mchezo, na tarishi wake yuko juu ya baiskeli. Kuna toleo la pili?

Nikageuza upande wa pili wa kaseti. Nilijua sitakiwi. Mluzi mfupi, dhaifu, kisha unga, kisha hakuna. Labda baiskeli imo humo. Labda ndiyo nimeimaliza mimi leo. Nimeitoa na kuiweka kwenye bahasha, Bwana Kaseti anasema kuna mtu anayejua kuzioka kaseti za aina hiyo zikarudisha nguvu. Nimeambiwa nisitarajie sana. Na ikipatikana, nimpelekee nani?

Saa hizi umeingia ujumbe wa sauti wa mdogo wangu. Nyuma yake kimya, nadhani amejifungia chumbani. Anashukuru kwa jana. Anasema wiki ijayo anataka kuja na binti yake, amwonyeshe kazi ya baba yake, na je, nitaweza kumchapishia ile picha kubwa, waitundike ukutani?  Nikadhani umeisha. Kisha kwa sauti ndogo, ile ya alipokuwa mtoto:

"Ile baiskeli ni ya bluu, si ndiyo, Dada?"

Nimeusikiliza tena. Na tena. Anauliza rangi, au ananiuliza mimi kama nilimdanganya? Nimebonyeza kurekodi jibu, nikasema ndiyo, nikafuta. Nikabonyeza, nikasema mdogo wangu, nikafuta. Mume wangu yuko nyuma yangu, ameweka mkono begani, hata hanitanii.

Nimebonyeza tena. Inarekodi sasa hivi, na bado sijasema kitu